Nani Aliwawekea Termometa?

Maoni ya sisi viongozi wa wanafunzi



Mnakumbuka ile Jumamosi ya mabishano katika sale kubwa. Swali lilikuwa limeandikwa kwa chaki kwenye tablo: «Dinosauri walikuwa wanyama wa damu moto ao wa damu baridi?» Upande wa kushoto walikaa watetezi wa damu baridi, upande wa kuume watetezi wa damu moto. Tulibishana saa mbili nzima. Watu walisimama juu ya viti, wengine walipiga meza, na mmoja wetu sisi viongozi alikaukiwa na sauti kwa kulalamika «Kimya! Kimya!» Kiisha tukapiga kura kwa kuinua mikono. Damu moto wakashinda, wakatoka inje na wimbo, sawa timu ya mpira iliyobeba kombe.

Katikati ya kelele zile, mdogo wetu mmoja wa darasa la saba aliinua mkono. Alingoja sana. Tulipomwita alisimama, akasema: «Bayaya, minauliza tu. Hawa nyama walikufa zamani sana. Sasa nani aliwawekea termometa?» Sale nzima ikacheka. Na sisi viongozi, sisi tuliokuwa tunaongoza kikao, tulicheka pamoja na wengine, tukamwambia: «Kaa chini, unatupotezea wakati.» Akakaa. Hakuinua mkono tena.

Leo tunaandika kwa ajili ya swali lile. Juma mbili tumekuwa tukisoma, tukiulizana, na kusumbua walimu wetu. Tumeona ya kwamba katika saa mbili zile swali la maana lilikuwa moja tu, nalo ndilo lile tulilolicheka. Kwa hiyo tunasema wazi: kura yetu haina maana, na tunaomba ifutwe. Sababu zetu ni hizi.

JINA LILITUFUNGA

Jina «dinosauri» lilitengenezwa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen kwa maneno ya Kigiriki, maana yake mjusi wa kutisha. Hapo ndipo mazoea yalianzia. Mtu akisikia mjusi, anafikiri baridi. Na mijusi yetu hapa Goma tunaijua vizuri. Asubuhi, wakati ukungu bado uko juu ya mji, mjusi hana haraka. Anapanda juu ya jiwe jeusi la lava, anaota jua mpaka mwili upate moto, kiisha ndipo anakimbia. Joto lake ni la kuazima. Lakini sisi watu, na mbuzi na kuku, tunawasha moto wetu ndani ya mwili kwa chakula tunachokula. Kukiwa mvua, kukiwa jua, mtu mwenye afya anabaki karibu na digrii 37, na kuku anafika hata 41.

Jambo la kushangaza ni hili: Owen mwenyewe, katika maandiko yaleyale ya 1842, aliwazia ya kwamba dinosauri pengine walikuwa na moyo wenye vyumba vinne, unaofanya kazi karibu sawa na moyo wa wanyama wa damu moto. Jina lake likaenea ulimwenguni, wazo lake likasahauliwa. Ndivyo inavyokuwa mara mingi: watu wanashika jina, wanaacha kazi ya kuangalia.

PANDE ZOTE MBILI ZILIKUWA NA KITU

Hatutaki kuwadharau wenzetu waliobishana. Upande wa damu moto walisema mambo ambayo wataalamu wakubwa waliyasema mbele yao. Mwaka 1969 Mmarekani John Ostrom alieleza dinosauri mmoja mwepisi, mwenye kucha kubwa sawa mundu kwenye mguu, aliyemwita Deinonychus. Nyama wa namna ile, alisema, alikuwa mkimbiaji na mrukaji. Mwanafunzi wake Robert Bakker aliandika tangu 1968, na tena kwa nguvu zaidi 1975, ya kwamba dinosauri walikuwa na moto wao wenyewe. Alitazama miguu: miguu ya mjusi inatoka pembeni, lakini ya dinosauri imesimama chini ya mwili sawa nguzo za nyumba. Alihesabu pia wala nyama na waliwa. Simba anataka chakula kila mara, mamba anaweza kukaa miezi bila kula. Basi pahali pa wanyama wa damu moto wala nyama ni lazima wawe wachache, juu kila mmoja anamaliza chakula kingi. Naye aliwakuta wachache katika mawe.

Kiisha, mwaka 1996, kule China likaonekana jiwe lenye dinosauri mdogo, Sinosauropteryx, mwili umefunikwa na kitu kama manyoya mafupi. Wenzetu wa upande wa kuume walipiga kelele sana hapo: «Manyoya ni koti! Nani anavaa koti kama hana moto wa kulinda?»

Upande wa damu baridi nao hawakuja mikono mitupu. Walisema ya kwamba ukikata mfupa wa dinosauri unaweza kukuta pete ndani, sawa zile pete za mti uliokatwa. Pete inaonyesha wakati ambapo kukua kulisimama, katika majira mabaya. Mamba na kenge wako na pete hizo. Tena walisema: nyama mkubwa kupita tembo, akiwasha moto wa ndani sawa panya, si angeiva mwenyewe?

Hoja hizi zote zilisemwa kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyeuliza kama hoja yake inaweza kuvunjika. Tuchukue ile ya pete. Mtaalamu wa Afrika ya Kusini, Anusuya Chinsamy, alikata mifupa ya dinosauri wa Afrika vipande vyembamba mno, mwangaza unapita, akaitazama kwa mikroskopu. Mwaka 1990 alieleza Syntarsus wa Zimbabwe: pete ziko. Mwaka 1995 alieleza dinosauri mdogo wa Tanzania, yule anayeitwa leo Dysalotosaurus: pete haziko. Dinosauri wawili, majibu mawili. Na mwaka 2012 Meike Köhler wa Uhispania na wenzake walikata mifupa ya wanyama wanaocheua, ukoo wa swala na paa, wenye damu moto bila mashaka. Wakakuta pete! Basi pete haisemi «damu baridi». Inasema tu ya kwamba mwili ulipunguza kukua wakati fulani.

Hesabu ya Bakker nayo ina shida, juu si kila mnyama aliyekufa aligeuka jiwe. Hata manyoya: jogoo wetu anatumia manyoya yake kwa koti, lakini pia kwa kujionyesha. Mnaona? Kila hoja ni ya kweli nusu, na sisi tulipiga kura juu ya nusu hizo.

LAVA INATUFUNDISHA

Kuna jambo ambalo sisi watoto wa Goma tulipaswa kulifahamu mbele ya watu wengine wote. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Sisi wafinalisti hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi walitueleza. Tarehe 22 Mei 2021 tulijionea wenyewe: lava ilikata barabara ya Rutshuru na kufika upande wa Buhene. Kipande kidogo cha lava, cha ukubwa wa ngumi, kinapoa upesi. Lakini pale lava ilipolala nene, ngozi ya juu ilikuwa nyeusi na ngumu, watu wanaikanyaga, na chini yake moto bado uko siku kwa siku. Mvua ikinyesha, mvuke unapanda.

Jiwe halina damu, halili bugali. Linabaki moto kwa sababu moja tu, ukubwa. Kitu kikubwa kina tumbo kubwa la kuweka joto, na ngozi yake ni kidogo ukilinganisha na tumbo lile, kwa hiyo joto linatoka polepole. Waulizeni wapishi wetu: kikombe cha chai kinapoa mbele ya kumaliza sala ya chakula, lakini ile sufuria kubwa ya maharagi inakuwa moto mpaka wa mwisho katika mstari anapata chake.

Sasa wazieni mnyama ambaye hata wale wanaomhesabia uzito mdogo wanampa zaidi ya tani 20, ni kusema tembo watatu ao wanne pamoja. Mnyama wa namna ile angeweza kuwa na mwili wa moto usiku kucha bila kuwasha moto mwingi wa ndani. Angekuwa moto kwa ukubwa, sawa lava nene. Hapo mtamwita nini, damu moto ao damu baridi? Ile Jumamosi hakuna upande uliokuwa na kiti cha kumkalisha huyu.

TERMOMETA ILIPATIKANA

Turudi kwa mdogo wetu. «Nani aliwawekea termometa?» Jibu liko, nalo limetoka karibu na kwetu.

Kusini ya Tanzania, karibu kilomita 60 kutoka mji wa Lindi, kuna kilima kinachoitwa Tendaguru. Mwaka 1909 mpaka 1913, wakati Wadachi walipotawala inchi ile, wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale mifupa ya dinosauri wa zamani sana, karibu miaka milioni 150. Tukisema «walichimba», tuseme kweli: waliochimba walikuwa mamia ya wafanyakazi Waafrika, na msimamizi wao mkubwa alikuwa Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907 tu, na watu wa inchi ile walikuwa wametoka katika njaa kali. Hawa ndio walifumbua mifupa kutoka udongoni, wakaifunga, wakaibeba kwa kichwa na kwa mabega mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Mmoja wa wanyama wale, anayeitwa leo Giraffatitan, amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wake kwenda juu unapita metre 13, sawa nyumba ya etaji ine.

Karibu miaka mia baada ya kuchimbwa, meno kutoka Tendaguru yakafika mbele ya mtaalamu Robert Eagle na wenzake kule Marekani. Wao walikuwa wamefahamu jambo hili. Jino linapoota ndani ya kinywa, linafunga ndani yake kaboni na oksijeni. Kuna kaboni nzito kidogo kuliko nyingine, na oksijeni vilevile. Mwili ukiwa baridi, zile nzito zinapenda zaidi kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Mwili ukiwa moto, zinachanganyika ovyo zaidi na nyepesi. Ukihesabu ni ngapi zimeshikamana, unajua jino liliota katika joto gani. Hawakukimbilia dinosauri. Walianza kujaribu kwa wanyama ambao joto lao linajulikana, tembo na kifaru, mamba na papa, wakaona hesabu inakubaliana. Kiisha, mwaka 2011, wakatoa jibu: yule mkubwa wa Tendaguru alikuwa na digrii karibu 38. Ndugu yake wa Marekani, Camarasaurus, alikuwa karibu na 36. Hesabu inaweza kukosa kwa digrii moja ao mbili, si zaidi.

Basi termometa ilikuwa kinywani siku zote. Jino lenyewe ndilo termometa. Na waliolitoa udongoni ni wachimbaji wa Tendaguru, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa. Boheti alikumbukwa mwaka 2007, dinosauri mmoja wa Tendaguru alipopewa jina Australodocus bohetii. Tulifurahi kusoma hilo. Tuliona pia uchungu kidogo, kuwa katika saa mbili za mabishano tulitaja Amerika na China, hakuna mmoja aliyetaja Tendaguru.

SASA NI MOTO AO BARIDI?

Wenzetu wa upande wa kuume wakisikia digrii 38 watataka kuimba tena. Wangoje kwanza. Jino limejibu swali moja: mwili ulikuwa na joto gani? Halikujibu la pili: joto lile lilitoka wapi, katika moto wa ndani ao katika ukubwa, sawa lava? Eagle na wenzake wenyewe walisema jino peke yake halikati shauri hilo. Tena hesabu za wengine zilikuwa zimetabiri ya kwamba mnyama mkubwa vile angekuwa moto zaidi, kwa digrii 4 mpaka 7. Akawa chini ya hapo. Ni kusema pengine alikuwa na njia ya kutoa joto, si ya kulitafuta tu.

Na swali la tatu: joto lilikuwa lilelile siku zote? Hapo wengi tunachanganya. Kuwa na moto na kuwa na moto usiobadilika ni mambo mawili. Kule Kenya, Somalia na Ethiopia kuna panya mmoja wa chini ya udongo, hana manyoya. Ananyonyesha watoto, anahesabiwa na wanyama wa ukoo wetu, lakini joto la mwili wake linapanda na kushuka pamoja na joto la shimo lake. Kinyume chake, samaki jodari wa baharini anachunga moto fulani katika misuli yake, wakati sambaza wetu wa Ziwa Kivu anafuata tu maji. Mwaka 2014 John Grady na wenzake walisema ya kwamba dinosauri wengi, kwa namna walivyokua, wanafanana na hawa wa katikati. Kisanduku cha tatu hicho.

Tena mwaka 2022 Jasmina Wiemann na wenzake walitafuta katika mifupa alama za takataka zinazobaki mwili unapotumia oksijeni. Walisema koo zote hazikuwa sawa: wale wenye shingo ndefu na wale wala nyama walikuwa na moto mkali, lakini Stegosaurus na Triceratops walikuwa wameupunguza. Njia hii nayo wengine wanaibishania, ndiyo kazi yao. Lakini angalieni kwenye kilima kilekile cha Tendaguru: pamoja na yule mrefu wa digrii 38 walichimbwa Kentrosaurus, wenye miiba mgongoni, ndugu za Stegosaurus. Huenda jirani mmoja alikuwa na jiko kali na jirani wa pili alikuwa na makaa tu. Kuuliza «dinosauri walikuwa damu gani?» ni sawa kuuliza «watu wa Kivu wanakula nini?» Utajibiwa: nani, wapi, na wakati gani?

Ndiyo maoni yetu, wapenzi wasomaji. Tunafikiri ya kwamba wengi wao hawakuwa mijusi ya kuota jua, hilo ushahidi unatuvuta tuliamini. Lakini tunakataa kusema «damu moto wameshinda». Watu wanasema «wengi wape». Hiyo ni nzuri wakati wa kuchagua kiongozi wa darasa. Joto la nyama halipigiwi kura.

WATAKAOTUPINGA

Mfinalisti mwenzetu alitwambia: «Haya yote ni mazuri, lakini Egzeta haina nafasi ya maneno mingi. Iko asersio tano, unachagua moja, unaendelea.» Tunamjibu kwa heshima. Siku ya Egzeta tutachagua moja, hatuna ubishi. Lakini shule si siku ile tu. Kama miaka yote tumezoea kuchagua bila kuuliza «wamejuaje?», tutatoka hapa na diploma na hatutaweza kumjibu mtoto wa darasa la saba. Na katika mji wetu hatari ya mazoea haya tunaijua. Kila mara habari zinapita: maji ya ziwa yamefanya hivi, volkano itafanya vile usiku wa leo. Watu wanagawanyika pande mbili, wanapiga kelele, wengine wanafunga vitu na kukimbia, wengine wanabaki na kucheka. Mtu anayesaidia mji ni yule anayeuliza: «Nani amepima? Kwa chombo gani? Lini?» Hilo ndilo swali lilelile la termometa.

Ndugu mwingine, wa kikundi cha maombi, aliogopa: «Mkianza kuuliza kila kitu, imani itapoa.» Hatukuandika kwa kushindana naye, na tunamshukuru alikuja kusema nasi uso kwa uso. Tunamkumbusha tu Tomaso. Aliomba kuona alama za misumari, na Bwana hakumfukuza wala hakuwaacha wengine wamcheke. Alimwonyesha mikono yake. Kama Bwana hakumkataza mtu kuomba kuona, sisi viongozi wa wanafunzi ni nani hata tumkalishe chini mtoto anayeuliza?

TUNAOMBA RADHI

Hapo ndipo tunafika kwenye neno lililotusumbua zaidi. Tulipewa kazi ya kuchunga kikao ili kila mmoja asikiwe. Tuliifanya kazi ile vibaya. Tulichunga kelele, hatukuchunga swali. Mdogo wetu wa darasa la saba, hatuandiki jina lako hapa ili watu wasikuonyeshe kidole, lakini unajijua: tunakuomba radhi, sisi sote, mbele ya shule nzima. Ulisema kitu ambacho wataalamu walikitafutia jibu miaka mingi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa kwetu.

Na radhi bila kubadilisha mwenendo ni maneno matupu. Tumepeleka kwa Bwana Prefe na kwa walimu wetu maombi matatu kwa ajili ya mabishano yanayokuja. La kwanza: kura isipigwe tena juu ya jambo linalopimwa. Ipigwe tu kwa kuonyesha nani amebadilisha wazo lake, na kwa sababu gani. La pili: kila msemaji, mbele ya kukaa, aseme ni ushahidi gani ungemfanya akubali ya kwamba amekosea. Asiye na jibu, hoja yake haihesabiwi. La tatu: dakika kumi za kwanza za maswali ziwe za darasa la saba na la nane peke yao, na sisi wakubwa tufunge vinywa.

Walimu wetu wapendwa, tunajua labo yetu ni maskini, hatuna mashine ya kuhesabu kaboni nzito. Lakini mawe ya lava yako, sufuria iko, termometa ya maji iko moja. Tunaomba ruhusa Jumamosi moja: tutapasha moto jiwe kubwa na jiwe dogo pamoja katika maji, tutayatoa, na kila dakika tano tutapima. Kila mwanafunzi aandike katika kaye yake mbele ya kuanza: lipi litapoa kwanza, na kwa kiasi gani?

Termometa itashikwa na yule mdogo wetu, kama akitukubalia.

Sisi viongozi wenu, wafinalisti.